Nyongo Ilitoka, Maumivu Yakabaki

Ewe uliyepasuliwa tumbo, ukaambiwa umepona, ukarudi kwako na tumbo likaendelea kukuuma: maneno haya nayaandika kwa ajili yako. Dawa sinayo, wala sitakudanganya kuwa ninayo. Ninachokijua ni jinsi siku zinavyopita ndani ya mwili kama huo, na jinsi mtu anavyofika mahali akaanza kujiuliza kama kweli anaumwa au amepungukiwa na akili. Mimi nilifika mahali hapo. Nilikaa sana.

Jina langu Mwanajuma, mtu wa Mtongwe, kijiji cha pwani. Kazi yangu kushona makuti. Mume wangu, Bakari, alikuwa kuli bandarini, ng'ambo ya pili ya maji, na miaka ile ya vita vikuu vya pili kazi haikuwa na usiku wala mchana. Meli zikija, wanaitwa. Tulikuwa na mtoto mmoja, Athumani. Kabla yake mimba zangu zilikuwa zikiharibika moja baada ya nyingine, hata huyu alipozaliwa akalia, mkunga alilia pamoja naye. Ndiyo maana nasema mapema: katika ugonjwa huu sikuogopa kufa kwa sababu ya nafsi yangu. Niliogopa kwa sababu yake.

Athumani alikuwa hajaota meno ugonjwa huu ulipoanza. Ilikuwa majira ya kusi. Maumivu yalinishika chini ya mbavu za kulia yakapenya mpaka nyuma ya bega, kama kwamba mtu ametia mkono ndani, amekamata kitu, na hataki kukiachia. Nikatapika mpaka nikatapika maji ya kijani machungu. Yakaondoka, yakarudi. Baada ya majuma kadhaa mkojo ukawa na rangi ya chai kavu, na macho yakawa manjano. Bakari na majirani wakanibeba juu ya kitanda cha kamba mpaka gatini, wakanitia mashuani, nikavushwa kwenda spitali ya mjini. Athumani nilimwacha kwa wifi yangu, Zena, dada yake Bakari, ambaye naye alikuwa akinyonyesha binti yake.

"Usihofu," Zena aliniambia. "Titi moja la mwanangu, moja la mwanao."

Wodi ya wanawake ilijaa. Wengine walilala mikekani chini, katikati ya vitanda, na muuguzi akipita usiku huwavuka kama avukaye mizizi. Siku ya kupasuliwa walinifunika pua na mdomo kwa kitambaa chenye dawa ya harufu kali, na kitu cha mwisho nilichokisikia ni mtu akicheka koridoni. Nilipozindukana nilikuwa na mrija wa mpira umetoka ubavuni na kiu ambayo sijapata kuiona hata katika Ramadhani ya jua kali. Nikakataliwa maji. Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Kigiriama kutoka Mtopanga, jina lake Kadzo, amevunjika mguu. Aliichovya ncha ya leso yake kwenye kikombe chake, akajinyoosha kwa taabu na mguu wake ule, akaniwekea midomoni.

"Fyonza tu, usimeze," akasema. "Wakituona watatupigia makelele sote wawili."

Mpaka leo nikiomba dua, namtaja Kadzo. Sikupata kumwona tena.

Lililonivunja moyo katika wodi ile halikuwa jeraha. Yalikuwa matiti. Yalijaa yakawa magumu kama madafu, yakachuruzika na kulowesha shuka, na mtoto hayupo. Muuguzi akanifunga kifuani kwa kitambaa cha kubana. Siku alipokifungua, maziwa yalikuwa yamekauka.

Siku ya kutoka walinipa kichupa. Ndani yake mlikuwa na mawe, madogo kama kunde, rangi ya kahawia. Walisema yalikuwa ndani ya mfuko wangu wa nyongo, na mfuko wenyewe wameutoa. Bakari alikitia kichupa kile mfukoni, na kila tuliyekutana naye njiani alionyeshwa. "Haya hapa! Haya ndiyo yaliyokuwa yakimuua mke wangu." Watu wakayatikisa, wakamhimidi Mungu. Bakari akakiweka juu ya rafu sebuleni, mahali kila mgeni atakapokiona.

Zena akamleta Athumani. Nikanyoosha mikono. Yule mtoto alinitazama kama anavyomtazama mchuuzi aliyesimama mlangoni, kisha akageuza uso akauficha kifuani kwa Zena.

"Amesahau tu, wifi," Zena akasema. "Mtoto huyu. Atakuzoea."

Nilimchukua kwa nguvu. Akalia mpaka akawa mweusi, akanipiga teke penye mshono. Nikamrudishia Zena.

Nilikuwa na raha ya tumbo kwa muda mfupi hivi. Kusi ikatulia, mvua za vuli zikaanza, nikaanza kukaa kitako na kushona makuti kidogo kidogo. Kisha kukawa na arusi ya jirani. Nikala pilau, si nyingi, nikanawa, nikainuka, na kabla sijaufikia mlango ule mkono ukanishika tena. Palepale. Chini ya mbavu, mpaka nyuma ya bega.

Nilijikunja nyuma ya nyumba ya watu, nimeshika ukuta, arusi inaendelea. Nikawaza: haiwezekani. Kilichokuwa kikiuma kimetolewa. Kiko kwenye rafu.

Na hivyo ndivyo kila mtu alivyosema.

Nilivuka kwenda spitali mara nyingi tangu hapo, wakati wa kaskazi na jua lake. Nayajua mabenchi yale kuliko ninavyoijua barza ya nyumbani kwangu. Unafika alfajiri, unakaa mwisho wa benchi, na kila mmoja akiingia ndani ninyi wengine mnasogea kwa makalio. Kina mama wana watoto wenye homa. Kuna mzee anakohoa katika kitambaa na kukikunja haraka asionekane alichokitema. Wote tunauliziana, "Wewe nini?" na mimi sikuwa na la kujibu. Nikisema nilipasuliwa, wananiambia, "Basi si umepona?"

Daktari alikuwa Mzungu, na kati yangu na yeye alisimama dresa, mtumishi wa kufunga vidonda, aliyefasiri. Mimi nilieleza. Nilieleza pilau, na mgongo, na bega, na jinsi maumivu yanavyokuja baada ya kula, na usiku. Dresa akamgeukia daktari akasema maneno mawili matatu. Daktari akajibu bila kuinua kichwa.

"Anasema mawe yametoka. Huna kitu. Ni mshono unajifunga."

"Lakini si pale penye mshono, ni ndani."

"Mama, watu ni wengi."

Nikapewa dawa nyeupe katika chupa, ladha yake kama chokaa. Nikaimaliza. Nikarudi. Nikapewa nyingine.

Nyumbani nikaanza kuogopa chakula. Harufu ya nazi ikichemka ilinitoa jasho. Nikawa nala uji mwembamba na muhogo wa kuchemsha, na hata huo siku nyingine haukubali. Mbavu zikahesabika. Nywele zikatoka kwa kitana. Kutembea nikawa natembea nimepinda upande mmoja, mkono umeshika ubavu, na watoto wa mtaani wakaniiga.

Mama yake Bakari, mavyaa wangu, aliitwa Bi Riziki. Alikuwa mwanamke mkali, mkavu, aliyezoea kuamka kabla ya adhana na kumkuta kila mtu amechelewa. Alikuwa akikaa nyumba ya pili. Kila asubuhi alikuja kutazama ua wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ua haujafagiwa."

"Sikulala, mama. Tumbo."

"Tumbo gani? Mawe yametoka. Nyongo imetoka. Mbuzi akitolewa nyongo nyama huwa tamu, wewe umezidi uchungu. Uvivu hauna dawa spitali, Mwanajuma."

Mavyaa hajibiwi. Nilikwenda nikachukua ufagio, nikafagia nimepinda.

Bakari hakusema maneno kama hayo. Alinyamaza, na nadhani kunyamaza kwake kuliniuma zaidi. Akirudi kazini na mgongo wake umechubuka kwa magunia, akanikuta nimelala, alikuwa akisimama mlangoni akinitazama, kisha akaenda kula kwa dada yake, alipo na mwanawe. Siku moja nikamwambia, "Bakari, nisadiki."

Akakaa pembeni ya kitanda. Akapangusa uso. "Nakusadiki ukisema unaumwa," akasema. "Lakini nikisadiki, nifanye nini? Spitali wamesema huna kitu. Mimi sijui tena la kufanya nawe, mke wangu. Wallahi sijui."

Watu wakasema ni pepo. Mganga akaletwa, nikafukizwa nimefunikwa shuka mpaka nikakaribia kuzimia, nikachanjwa kwa wembe kando ya kovu la spitali, ikapakwa dawa nyeusi. Tumbo langu sasa lina maandishi ya namna mbili. Ngoma ikapigwa. Wanawake wakaimba, wakanizunguka, wakamwuliza pepo anataka nini. Nami, Mungu anisamehe, nilitamani kweli awepo. Nilitamani afungue kinywa changu aseme anataka kanzu, anataka asali, apewe, aende zake. Hakusema kitu. Kilichotoka kinywani mwangu ni matapishi.

Mwisho wa kaskazi Bakari akaoa mke wa pili, Likoni. Hakunificha. Alikuja akaniambia mchana kweupe, ameshika kofia mkononi.

"Nyumba haina mpishi," akasema.

"Nimesikia."

"Sikuachi."

"Nimesikia, Bakari."

Alipotoka nilijilaza na kuutazama ukuta. Nilijiambia: mwanangu ana mama mwingine, mume wangu ana mke mwingine. Sasa hata nikifa hakuna kitakachopungua. Kama nawe umepata kuwaza hivyo, jua kwamba hukuwa peke yako uliyewaza. Mimi niliwaza hivyo siku nyingi, nikiwa na akili zangu timamu.

Masika ikaingia. Njia zikawa matope, makuti yakavuja. Nikaanza kuwashwa mwili mzima, ngozi kavu, nikijikuna mpaka damu. Asubuhi moja Bi Riziki alikuja kama kawaida yake. Nilikuwa nimechutama jikoni nikijaribu kuwasha moto wa kuni mbichi. Akaanza: "Hata maji hujateka..." Nikainua uso nimsalimu.

Akainama kunitazama.

"Ndoo hapa," akasema, akiniita kwa mkono.

Nikainuka. Akanikamata kidevu, akanivuta mpaka mlangoni penye mwangaza. Akanivuta chini kope kwa kidole gumba, jicho moja, kisha la pili.

"Mato yako," akasema. "Ya Rabbi. Mato yako yamekuwa manjano."

Sikuwa na kioo. Sikujua.

Alikwenda kwake akavaa buibui, akarudi na mkeka mdogo na chupa ya maji, akanishika mkono. Tulikwenda gatini kwa miguu, polepole, mvua ikitunyea. Kila nilipopinda alisimama akangoja, hakunihimiza. Mashuani alikaa nyuma yangu ili niegemee magoti yake. Mwanamke yule, katika miaka yote niliyokuwa mke wa mwanawe, hakuwa amenigusa ila kwa kunipa mkono Iddi.

Benchini tulisogea pamoja kwa makalio mpaka tukaingia. Dresa alikuwa yuleyule. Akanitambua, akashusha pumzi. Nikaeleza, naye akamgeukia daktari, akasema maneno yake mawili matatu.

"Mwanangu," Bi Riziki akasema.

Dresa akageuka. "Naam, mama."

"Huyu ametaja kula, ametaja bega, ametaja kuwashwa, ametaja mkojo. Mimi Kizungu sikijui, lakini kuhesabu najua. Mbona wewe umesema machache hivyo?"

"Mama, daktari anajua kazi yake."

"Anaijua. Lakini hajaambiwa. Mwambie yote. Na umwambie amtazame mato. Sisi hatutoki hapa."

Nyuma yetu kundi lote la benchi lilikuwa limegeuka kututazama. Kisha, lazima niseme haki yake, dresa akamwambia daktari yote, pole pole, kitu baada ya kitu. Daktari akainua kichwa. Akaweka kalamu chini. Akaja mwenyewe akanivuta kope, akanibonyeza tumbo, nikapiga yowe. Wakazungumza.

Dresa akasema kwa sauti ya chini, "Analazwa leo."

Walinipasua mara ya pili palepale. Kulikuwa na jiwe lililobaki katika mfereji wa nyongo, limeziba. Hakuna aliyesema samahani, nami sikuingoja. Mara hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Waliniwekea mpira ulioleta nyongo nje mpaka katika chupa iliyoning'inizwa kando ya kitanda, na siku nzima nilikuwa nikiitazama ikidondoka, ya dhahabu, nzito. Homa ikanipanda. Niliona watu ambao hawakuwepo. Nilimsikia muuguzi akimwambia mwenziwe wasinipeleke mbali na mlango, na nikafahamu kwamba wananingoja nife.

Bi Riziki alivuka kila siku. Alikuja na uji mwepesi katika kopo lililofungwa kwa kitambaa. Alinifuta mgongo, akanigeuza, akanikata kucha ili nisijikune. Hakuwa mtu wa maneno matamu, na hata wodini aliwagombeza watu. Siku homa iliposhuka alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, ananikanda miguu, hanitazami.

"Nalikwita mvivu," akasema.

"Yamepita, mama."

"Ngoja, sikiza. Mimi nina mato. Nalikuona unavyokwisha. Lakini moyo wangu ulikataa. Mvivu hugombezwa akainuka. Mgonjwa utamwambia nini? Nalitaka uwe mvivu, mwanangu. Kwa kuwa mvivu hazikwi."

Akaendelea kunikanda. Mimi nililia, na kulia kuliuma tumbo, akanikemea ninyamaze.

Nilirudi nyumbani kusi ikivuma tena. Umanjano ulikwisha, kuwashwa kukaisha. Ule mkono uliokuwa ukinikamata na kunitupa chini haujarudi tena na namshukuru Mungu. Lakini sikuandika haya kukwambia nilipona. Maumivu bado yapo. Ni mengine, mazito, ya kuvutavuta, kama uzi ulioshonwa ndani mfupi kuliko mwili. Daktari alieleza, kwa dresa yuleyule, kwamba ndani pameshikamana kwa makovu, na hapana la kufanya. Siku za mvua huzidi. Nikila mafuta huzidi. Siku nyingine huzidi bila sababu, na hizo ndizo ngumu, kwa kuwa huna wa kumlaumu.

Nimejifunza kula kidogo na kuacha. Nimejifunza kukanda ubavu kwa chumvi iliyopashwa moto ndani ya kitambaa. Nashona makuti nikiwa nimesimama, nimefunga ufito wa kuti kwenye nguzo, na wenzangu waliocheka mwanzo wamezoea. Bakari anakuja zamu yake. Tunaketi, tunazungumza mambo ya bandarini, sasa ambapo vita vimekwisha na zile meli za kijivu zimepungua. Hatuko kama tulivyokuwa. Mke mwenzangu ana watoto wawili, na siwezi kukwambia jambo hilo haliniumi. Ila liko mbali na ubavu, na naweza kulivumilia. Bi Riziki alifariki vuli iliyopita, baada ya kuugua siku chache tu. Nilimwosha mimi pamoja na Zena.

Na Athumani? Hakurudi kwangu kwa siku moja. Zena angeweza kumshika. Alikuwa na haki yake ya maziwa. Badala yake alimleta kila alasiri, akamweka sakafuni mwangu, akatoka nje kujificha nyuma ya ukuta wa makuti. Mtoto alilia. Mimi sikumkimbilia, nilikuwa nimekwisha kufundishwa na teke lile. Nilikaa tu nikishona. Alilia siku nyingi, akachoka, akaanza kuvuta vijiti vya kuti, akaanza kunipa. Mpaka leo hulala kwa Zena, na humwita mama. Mimi huniita Mama Mwanajuma. Nilipigana na jina lile moyoni muda mrefu, halafu nikaliacha.

Sasa ni kijana wa kwenda chuoni kusoma Kurani. Asubuhi kabla ya chuo hupita kwangu kunywa chai. Leo alinikuta nimeshika nguzo, nangoja maumivu yapite.

"Shikamoo, Mama Mwanajuma."

"Marahaba, baba."

Akaweka ubao wake chini. "Leo tumbo linauma?"

"Linauma."

"Kama jana?"

Nikafikiri kidogo. "Zaidi ya jana."

Hakusema pole, wala hakuuliza kwa nini. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nje kuna mvua, akaichukua birika motoni akamimina mwenyewe, kikombe changu kwanza.